Mwili Unaobaki Kitandani: Wasomaji na Juzuu la Kwanza la Otherland

Kila inapotajwa riwaya ya City of Golden Shadow miongoni mwa wapenzi wa bunilizi za kisayansi, lalamiko huwa lile lile: inachelewa mno. Kitabu hicho cha Tad Williams, mwandishi wa California, kilitoka mwaka 1996 kikiwa juzuu la kwanza kati ya manne ya mfululizo wa Otherland. Kina kurasa zaidi ya 700, na wahusika wake wakuu hawaingii katika ulimwengu wanaousaka hadi kurasa zimebaki chache mkononi. Wapo wanaokiweka chini kabla hawajafika theluthi. Wapo wanaokimaliza kisha wakakasirika, kwa sababu mwishoni hakuna kinachofungwa. Na wapo, nami nimo, wanaokihesabu miongoni mwa vitabu bora kabisa vilivyoandikwa kuhusu uhalisia pepe, yaani ulimwengu wa kompyuta ambao mtu anauingia kwa kuvaa vifaa.

Sina ugomvi na anayesema kinachelewa. Kinachelewa kweli. Ugomvi wangu ni na hukumu inayofuatia: kwamba ile sehemu ndefu ya mwanzo ni uzembe wa mwandishi aliyekosa mhariri mkali, na kwamba hadithi yenyewe inaanza pale wanapovuka. Ninavyokisoma mimi, sehemu hiyo inayoitwa ya kuchosha, sehemu ya Durban, ya wodi ya hospitali, ya baba mlevi na safari za basi, ndiyo iliyokinusuru kitabu hiki kisichakae. Hadithi ya watu wanaoiacha miili yao ili waingie kwingine haina uzito kama msomaji hajaijua miili hiyo: inauma wapi, inalala wapi, nani anailinda wakati mwenyewe hayupo. Williams alilielewa hilo akalitolea mamia ya kurasa. Na pale alipolisahau, ndipo kitabu kinapoyumba.

Kwa ambaye hajakisoma: tuko Afrika Kusini, miongo kadhaa mbele yetu, ndani ya karne hii ya 21. Irene Sulaweyo, anayeitwa Renie na kila mtu, anafundisha mambo ya uhalisia pepe katika chuo cha ufundi mjini Durban. Mama yake alikufa kwa moto. Baba yake, Long Joseph, anakunywa. Mdogo wake Stephen, mtoto wa shule, amelelewa na dada kuliko alivyolelewa na baba. Stephen na rafiki zake wanajipenyeza kwenye klabu moja ya mtandaoni ambamo watoto hawaruhusiwi, na muda si mrefu mwili wake unabaki hai bila mwenyewe kuwemo. Anapumua, moyo unapiga, ila haamki. Madaktari hawana maelezo. Renie, akisaidiwa na mwanafunzi wake !Xabbu, Msan, wa jamii ya wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, kutoka delta ya Okavango, anaanza kufuata nyayo za mdogo wake, na nyayo hizo zinamfikisha kwenye kundi la matajiri wakongwe waliojijengea kwa siri ulimwengu wa kidijitali usio na mfano, uitwao Otherland.

Mwandishi mwenye haraka angetufikisha kwa matajiri hao mapema. Williams anatupeleka kwanza hospitalini, na anatupeleka tena na tena.

Hospitali ya Durban alimolazwa Stephen iko chini ya karantini. Ili amwone mdogo wake, Renie lazima avae vazi la kujikinga mwili mzima, na kumshika mkono hawezi ila kwa glovu. Anamkalia, anamsemesha, hajibiwi, anavua vazi, anarudi nyumbani kwa basi. Siku nyingine anakuja tena. Msomaji anayetaka mapambano huona hapa pana kurasa za kurukwa. Mimi naona ndipo mtego wote wa kitabu unapotegwa. Dada mtu ni mtaalamu wa ulimwengu ambamo unaweza kumgusa yeyote popote alipo, na hawezi kugusa ngozi ya mtoto aliyelala mbele yake. Tangu hapo, kila Renie anapovaa vifaa vya kuingia mtandaoni, msomaji anajua anamtafuta nani na amekosa nini. Hakuna haja ya kuelezwa tena.

Karantini hiyo ina jina, na jina hilo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita kama wapitavyo wengine. Ugonjwa unaitwa Bukavu 4. Ni ugonjwa wa kubuni, lakini mji si wa kubuni. Ni ule wa Kivu Kusini, kando ya Ziwa Kivu, wenye Ibanda na Kadutu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya kanisani. Si vigumu kuona mwandishi alikolitoa wazo: mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, magharibi mwa nchi iliyoitwa bado Zaire, na picha za watu waliovaa mavazi meupe zikazunguka dunia nzima. Tangu mwaka 1976 ugonjwa wenyewe ulikuwa umepewa jina la mto wa Kongo. Kuuchukua mji mwingine wa Kongo na kuufanya jina la tauni ya kesho ilikuwa hatua ndogo kwa mtu aliyekuwa anaitazama ramani kutoka mbali. Ila mwaka ule ule wa 1996 kitabu kilipotoka, Bukavu ulikuwa umezungukwa na kambi za wakimbizi, na mwezi wa Oktoba vita vikaingia mjini. Watu wa mji huo walikuwa na mengi ya kusimuliwa. Katika riwaya hii walichopata ni jina lao kubandikwa kwenye mlango wa wodi. Shirika la Afya Duniani lilipokuja kushauri, mwaka 2015, kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, sababu iliyotajwa ilikuwa madhara wanayoyapata wenyeji wa mahali hapo. Nimesoma maoni mengi kuhusu kitabu hiki na sijaona hata moja linalogusia jambo hili, nalo halihitaji elimu kubwa kuliona. Linahitaji tu msomaji ambaye kwake Bukavu ni kwa watu.

Nalisema hili bila kuondoa neno katika sifa niliyotoa kuhusu matukio ya hospitali. Yote mawili yapo kwenye ukurasa mmoja.

Nirudi kwenye miili. Mhusika anayependwa zaidi na wasomaji wengi si Renie. Ni Orlando Gardiner, kijana wa Marekani mwenye miaka 14. Williams anamtambulisha kwa namna iliyopangwa vizuri sana. Tunakutana kwanza na Thargor, jabali wa upanga katika mchezo wa mtandaoni, mtu wa misuli na maneno machache, anayeogopwa kila baa anayoingia. Kisha mchezo unazimwa, na tunamwona mvulana aliyeuumba mwili huo. Orlando ana progeria, ugonjwa adimu unaouzeesha mwili wa mtoto kabla ya wakati. Ni mdogo wa umbo, mifupa ni dhaifu, na anajua hatakuwa mtu mzima. Miaka yote hiyo amemjenga Thargor kwa nidhamu ya fundi. Halafu siku moja, ndani ya kaburi la mchezoni, anauona mji wa dhahabu unaong'aa, anapigwa na bumbuwazi, na Thargor anauawa na adui ambaye siku nyingine asingemtisha.

Watu wanaokisifu kitabu kwa ajili ya Orlando na kukilaani kwa ajili ya uchelewaji hawajaona kwamba wanasifu na kulaani kitu kimoja. Orlando anatugusa kwa sababu tumekaa chumbani kwake. Tumemsikia mama yake akijitahidi kuongea kwa sauti ya kawaida. Tumemwona akipima ni nguvu kiasi gani amebakiwa nazo leo. Ondoa kurasa hizo, utabaki na mtoto mwenye upanga, na watoto wenye upanga bunilizi inao wa kutosha.

Hata kwenye ile klabu ya mtandaoni iliyomnasa Stephen, ambako Renie na !Xabbu wanaingia kuchunguza, mwandishi hamsahau aliyebaki kitini. Mambo ya kutisha wanayoyaona humo, na ni ya kutisha kweli, yangebaki kuwa picha tu. Kinachomkaba msomaji ni kugundua kwamba Renie hawezi kutoka, kwamba mahali hapo panaweza kuufikia moyo wake halisi, na kwamba anakaribia kufa kifo kisicho cha mchezo huku mwili wake ukining'inia kwenye vifaa vya chuo. Baada ya hapo Williams hahitaji tena kutueleza kwamba kuna hatari.

Lipo jambo lingine ambalo wengi hulilalamikia na mimi naliona ni busara kubwa. Safari kubwa inapoiva, Renie na !Xabbu wanahitaji vifaa vya hali ya juu ambavyo maskini hana. Wanavipata kwenye kituo cha kijeshi kilichotelekezwa ndani ya milima ya Drakensberg: matangi yaliyojaa ute maalumu ambamo mtu anaweza kulala kwa siku nyingi akiwa ulimwengu mwingine. Na mtu hawezi kulala tangini bila mlinzi. Kwa hiyo riwaya inawaacha nje watu wawili, Long Joseph na Jeremiah Dako, aliyekuwa mtumishi wa mwalimu wa zamani wa Renie. Hawapendani. Kazi yao ni kutazama mitambo, kupika, kungoja. Baba mlevi, ambaye kwa kurasa mia kadhaa alikuwa mzigo, sasa ndiye mlinzi wa mwili wa bintiye. Riwaya ngapi za aina hii zimewahi kujiuliza nani anabaki kuangalia mitambo? Kwa kawaida shujaa anavaa miwani, na mwandishi haulizi tena habari za mgongo wake, kibofu chake, wala mlango uliofungwa nyuma yake.

Ikumbukwe pia mwaka kilipotoka. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ilileta sokoni Virtual Boy, chombo cha kuchungulia kilichosimama mezani kwa miguu yake, picha zake nyekundu kwenye weusi, watu wakaumwa vichwa, na katika muda wa mwaka mmoja hivi kikaondolewa. Intaneti ya nyumbani ilipita kwenye simu ya waya. Waandishi wa wakati huo waliokuwa wakiandika uhalisia pepe waliuza ndoto ya wepesi: mtu anauacha mwili kama nguo chafu, anaruka. Ahadi hiyo hiyo ilirudi mwaka 2014 Facebook ilipoinunua Oculus kwa dola bilioni 2 hivi, na ikarudi tena mwaka 2021 kampuni ilipojibadili jina kuwa Meta. Mara zote tangazo linaonyesha mtu amefungua mikono anatabasamu. Chumba alimo hakionyeshwi.

Ndani ya Otherland chumba kinaonyeshwa, na ukiona chumba unaona tabaka. Tajiri amepandikizwa kiunganishi shingoni, anaingia mtandaoni kama anayefumba macho. Maskini anavaa kofia nzito na glovu kuukuu, na umbo analolipata huko ni la bei rahisi, linatambulika mara moja. Renie anategemea vifaa vya mwajiri. Hapa kwetu, mzazi yeyote ambaye mtoto wake anamalizia jioni kwenye kibanda cha gemu, au anayejua bando la wiki limeisha siku ya pili, hahitaji kufafanuliwa hali hii. Nimeona wachambuzi wakiandika kwamba teknolojia ya kitabu imepitwa na wakati. Baadhi ndiyo, imepitwa. Swali la nani ana mlango mzuri wa kuingilia na nani ana mbovu halijapitwa hata kidogo.

Vipande vifupi vya habari vinavyofungua kila sura ni mfano mzuri. Kabla sura haijaanza tunapewa aya chache za matangazo na taarifa za dunia hiyo: kesi mahakamani, kashfa ya kampuni, kipindi cha watoto cha Uncle Jingle chenye furaha inayotia wasiwasi. Wasomaji wengi huviruka. Ushauri wangu ni kwamba visomwe, kwa sababu ndimo mwandishi alimoficha sheria za ulimwengu wake, na kadiri unavyosonga ndivyo unavyogundua kuwa baadhi yake si mapambo.

Sasa nitoe haki kwa walalamikaji, kwa sababu wanayo.

Nyuzi za hadithi ni nyingi kupita uwezo wa juzuu moja kuzishika. Paul Jonas, ambaye tunaanza naye ndani ya handaki la Vita Vikuu vya Kwanza, kisha anajikuta kwenye jumba la jitu lililo juu mawinguni, kisha kwingine na kwingine bila kujua yeye ni nani, ni mhusika wa kuvutia anayetunzwa vibaya. Anapotea kwa muda mrefu hivi kwamba akirudi inabidi ukumbushwe. Na hapo kanuni yangu inamhukumu mwandishi: Paul ndiye mhusika ambaye mwili wake hatuujui. Hatujui amelala wapi, nani anamlinda, kama yupo popote. Fumbo hilo lina sababu yake katika majuzuu yanayofuata, lakini juzuu la kwanza linadai tumhurumie mtu ambaye hatujaonyeshwa pa kumhurumia. Linganisha na Bwana Sellars, mzee aliyeungua vibaya anayeishi chini ya ulinzi katika kambi ya jeshi ya Marekani. Kurasa zake si nyingi. Ila kuna binti mdogo, Christabel, anayemtembelea kwa siri, na mzee anamwomba amletee sabuni. Anaila. Mtoto anashangaa, anaona haya kuuliza, anarudi tena akiwa ameificha sabuni nyingine. Kwa tukio hilo dogo Sellars ana mwili, ana uhitaji, ana siri, na hutamsahau. Paul amepewa kurasa nyingi kuliko yeye na hakupewa kipande kimoja cha sabuni.

Lugha ya vijana nayo imechakaa. Williams aliwabunia vijana wa kesho misemo yao, na anayeifuata leo anachoka. Yeyote anayekumbuka Sheng ya Nairobi ya miaka ya 1990 anajua kwamba hakuna kinachozeeka haraka kama maneno ya vijana, na ya kuyabuni huzeeka haraka zaidi.

Kuhusu mwisho usiofunga, lawama niigawanye. Kitabu kinakatika mahali pabaya: kikundi cha wageni waliokusanywa kimegundua kwamba hakiwezi kutoka, mmoja wao si anayedhaniwa, na hapo mlango unafungwa kwa msomaji. Mwanzoni mwa juzuu la pili, lililotoka mwaka 1998, Williams mwenyewe aliwaomba radhi waliokasirika, akieleza kwamba hadithi ya namna hii ni ngumu kuikata. Ukweli ni kwamba Otherland ni riwaya moja iliyochapwa vipande vinne, cha mwisho mwaka 2001. Waliomfahamu kutokana na mfululizo wake wa awali, uliokamilika mwaka 1993 kwa juzuu nene hivi kwamba toleo la jalada laini lililazimika kugawanywa vitabu viwili, hawakushangaa. Aliyenunua akidhani ananunua kitabu kizima alikuwa na haki ya kuambiwa kwenye jalada.

Msomaji wa Kiswahili ana mazoea mawili yanayovutana hapa. Kwa upande mmoja, riwaya zetu ni fupi. Katama Mkangi alipomrusha mhusika wake hadi dunia nyingine katika Walenisi, mwaka 1995, mwaka mmoja tu kabla ya Renie, alifanya hivyo ndani ya kitabu kinachoingia mfukoni, na mashine ya uchapaji pamoja na mahitaji ya shule zimetuzoesha kuamini hiyo ndiyo saizi ya riwaya. Kwa upande mwingine, sisi ni watu wa “itaendelea”. Tumezisubiri hadithi za magazetini wiki hadi wiki, na leo wapo maelfu wanaozisoma simulizi za mapenzi na za kichawi sehemu ya 1 hadi ya 80 kwenye makundi ya WhatsApp, wakimlaumu mtunzi akichelewa, wala hawamlaumu kwa urefu. Uvumilivu tunao. Tunachodai ni kwamba kila sehemu itupe kitu cha kushika hadi sehemu ijayo. Kwa kipimo hicho sura za Durban zinafaulu karibu zote, na sura za Paul Jonas zinaanguka nyingi.

Wajerumani nao waliuthibitisha urefu huo kwa njia yao: redio ya Hessischer Rundfunk iliigeuza Otherland kuwa mchezo wa redio wa saa 24, ukarushwa kwa sehemu sehemu. Hadithi isiyo na misuli isingevumilika masikioni kwa saa zote hizo.

Nimeliacha hadi hapa lile ambalo kwangu ndilo kosa kubwa, na ambalo wasomaji wengi hulitaja kama sifa: !Xabbu.

Nianze na kilicho chema. Ametoka mbali kuja Durban kusoma, akiwa na mradi wake: anataka kujenga, ndani ya uhalisia pepe, makao ya watu wake na hadithi zao, kwa sababu nchi yenyewe na wanaozijua hadithi hizo wanatoweka. Wazo hilo lina mizizi ya kweli. Katika miaka ya 1870, mjini Cape Town, watafiti Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd walikaa na Wasan waliokuwa wametolewa gerezani, wakaandika simulizi zao kwenye madaftari yaliyojaza maelfu ya kurasa. Mmoja wa wasimuliaji hao, ||Kabbo, aliyetamani sana kurudi kwao, alifurahi, kwa ushahidi wa Lloyd, kwamba hadithi za watu wake zitajulikana kwa njia ya vitabu. Ukiona kwamba mwalimu wa zamani wa Renie anaitwa Van Bleeck, na mwanafunzi wa Renie anaitwa !Xabbu, huwezi kudhani ni bahati. Williams alisoma. Na katika maelezo yake ya mwandishi anakiri wazi kuwa amerahisisha na kuchanganya mila za makundi mbalimbali ya Wasan, na kwamba hawana utamaduni mmoja. Waandishi wengi wasingejisumbua.

Tatizo ni kwamba mtu aliyetoka kwenye usomaji huo ametoka mwepesi. !Xabbu ni mpole, mvumilivu, mwenye hekima, kila jambo linamkumbusha ngano, na ngano hiyo daima ndiyo Renie aliyoihitaji kwa wakati huo. Renie anavuta sigara na hata ndani ya Otherland anaitamani. Anakasirika, anamtukana baba yake, anaona haya, anakosea. Orlando ana mifupa yake. Long Joseph ana kiu yake. !Xabbu ana nini? Ana utulivu. Kwa riwaya iliyojenga hoja yake yote juu ya uzito wa mwili, yeye amepewa roho peke yake. Watanzania wanaijua picha hii, kwa sababu ndiyo wanayovikwa Wahadzabe wa Eyasi kwenye video za wageni: watu wa upinde na asali, wenye siri ya maisha, wasio na deni, wasio na kesi ya ardhi. Wasan nao walikuwa na kesi ya ardhi. Mwaka 1997, kitabu kikiwa bado kipya madukani, serikali ya Botswana ilianza kuwahamisha watu kutoka hifadhi ya Kalahari ya Kati, ikaendelea mwaka 2002, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba waliondolewa isivyo halali. Waliosimama mahakamani hawakuwa watu wa utulivu. Walikuwa na hasira, mawakili na tarehe.

Kisha kuna nyani. Wanapovuka kuingia Otherland, !Xabbu anaingia katika umbo la nyani. Riwaya inaeleza kwa uangalifu: ni yeye aliyelichagua, nyani wana mahali pa heshima katika ngano alizolelewa nazo, na umbo hilo linampa wepesi na pua ya mnyama. Wasomaji wengi hulipenda, na wanaeleza vizuri kwa nini: kati ya kundi zima yeye pekee ndiye anayefurahia mwili aliovaa. Hoja hiyo naielewa. Siikubali. Mhusika hachagui chochote, mwandishi ndiye anayemchagulia, na Mmarekani mweupe anayemvika Mwafrika umbo la nyani kwa muda wote wa safari alipaswa kulipa gharama ya uamuzi huo ndani ya hadithi. Alipaswa kumpa mtu mwingine Mweusi katika kundi, na Renie yupo pale, nafasi ya kusema hili linaniuma, nimeitwa hivi njiani, wewe unalivaaje kwa raha? Mazungumzo hayo yangeweza kuwa sura bora kuliko zote. Yangempa !Xabbu kitu cha kubishania, na kumpa Renie sababu ya kumwona upya. Mwandishi aliyekuwa na kurasa za mabasi, za sabuni na za vipindi vya watoto hakukosa nafasi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaotaka kitabu kipunguzwe. Mimi ningekiongeza. Ningechukua kurasa za Paul Jonas nimpe !Xabbu chumba chake cha kupanga Durban, barua kutoka kwao, njaa, wivu, siku moja mbaya. Ningempa Stephen sura nzima kabla ya kulala, maana mtoto ambaye kila kitu kinafanywa kwa ajili yake tunamjua kidogo mno akiwa macho.

Pamoja na hayo yote, tukumbuke kwamba mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya Waafrika Kusini kupanga foleni kupiga kura kwa mara ya kwanza wote pamoja, mwandishi wa Marekani mwenye wasomaji wengi aliuweka mzigo wa hadithi yake kubwa kuliko zote mabegani mwa mwalimu mwanamke Mweusi wa Durban, mwenye mshahara mdogo na hasira za karibu, asiye mrembo wa jaladani wala mwenye nguvu za ajabu. Bunilizi ya kisayansi ya wakati huo haikuwa na wengi kama yeye. Bado haina wengi.

Anayeniuliza kama aanze, namwambia aanze akijua ni majuzuu manne, na kwamba la pili ndilo linalotangatanga kuliko yote. Akifika pale Renie anapovaa vazi la karantini kwa mara ya kwanza na akaona bado hana hamu ya kujua kama Stephen ataamka, aache hapo hapo. Mji wa dhahabu hautambadilisha mawazo.